UZI: Ndege wa Malenge ni wa kweli au alighushiwa? Tuongee kuhusu udanganyifu kwenye kumbukumbu za ndege adimu

MwanaKadutu (mwanzisha uzi):

Wandugu, salamu kwenu wa Bukavu, Uvira, Goma na popote mlipo.

Juzi kwenye mjadala mwingine mtu aliandika kwamba yule ndege wa usiku wa Itombwe (msitu wa milimani kwetu Kivu Kusini), Caprimulgus prigoginei, hajawahi kuwepo na ni uongo wa wakoloni. Hoja yake: alishikwa mmoja tu, mwaka 1955, pale Malenge, na hadi leo hakuna aliyemshika wa pili. Wengi wakamuunga mkono. Mimi sikubaliani naye, lakini sitaki kumbishia hivihivi, kwa sababu shaka yake ina msingi. Udanganyifu kwenye kumbukumbu za ndege umewahi kutokea, tena mkubwa, tena ukafanywa na watu walioheshimiwa. Ninachokataa ni kumhukumu ndege wa Malenge kabla ya kumpitisha kwenye uchunguzi uleule uliowaumbua waongo. Naomba tuupitie huo kwanza, halafu turudi Itombwe.

Hastings ni mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Kuanzia 1892 hadi 1930 hivi, eneo dogo linalouzunguka lilitoa ndege wageni kupita kiasi: wa kusini mwa Ulaya, wa Asia, wengine hawajawahi kuonekana Uingereza kabla ya hapo. Wengi wao walipitia mikononi mwa mtu mmoja, George Bristow, fundi bunduki ambaye pia alikuwa akikausha ndege, kuwajaza na kuwauza. Wanunuzi walikuwa matajiri wenye makabati ya maonyesho majumbani. Ndege adimu aliyepigwa risasi ndani ya Uingereza alikuwa na bei ya juu. Yuleyule akiletwa kutoka kwao, hana bei. Mwili ni uleule, manyoya ni yaleyale, mnunuzi analipia jina la mahali. Ukilielewa hilo umeshaelewa kwa nini mtu angeghushi.

Mashaka yalianza mapema, tangu siku za Vita vya Kwanza vya Dunia. Tatizo ni kwamba kila ndege ukimtazama peke yake, aliaminika. Upepo humpotosha ndege, dhoruba humtupa mbali. Aliyelifumbua fumbo alikuwa mtakwimu, John Nelder. Yeye hakuhangaika na ndege mmojammoja. Alichukua kumbukumbu za eneo la Hastings, akaziweka kando ya zile za maeneo jirani ya Sussex na Kent, kisha akalinganisha vipindi viwili: 1895 hadi 1924, na 1925 hadi 1954. Kwa majirani mwendo ulikuwa wa kawaida, watazamaji wakiongezeka na ndege adimu wanaoandikwa wanaongezeka. Hastings ikawa kinyume: neema kubwa kipindi cha kwanza, halafu ukame. Ndege hawajui mpaka wa wilaya. Hawawezi kumiminika upande mmoja wa mstari wa ramani na kuukwepa upande wa pili kwa miaka thelathini.

Agosti 1962 jarida la British Birds lilichapisha uchambuzi huo pamoja na makala ya Max Nicholson na James Ferguson-Lees. Spishi na nususpishi 29 zikafutwa kwenye orodha ya ndege wa Uingereza. Bristow alikuwa ameshafariki, mwaka 1947, na enzi za uhai wake hakukiri chochote. Mwaka 1968 James Harrison alichapisha kitabu kizima cha kumtetea. Nyingi ya spishi zile 29 baadaye zilirudishwa kwenye orodha, maana zilikuja kuonekana kweli. Uongo ule ulidumu kwa sababu ulifanana na jambo linalowezekana.

Nitaendelea na kisa cha pili jioni, umeme ukiwepo.

—

Goma_Birere:

Asante ndugu. Ila takwimu zinahitaji ndege wengi. Wa Malenge ni mmoja. Ndege mmoja utamfanyia hesabu gani?

—

MwanaKadutu:

Swali zuri, na ndilo linalonipeleka kwenye kisa cha pili, ambapo uchunguzi uliingia hadi ndani ya tumbo la ndege.

Richard Meinertzhagen, 1878 hadi 1967. Ndugu zetu wa Kenya wanalijua jina hili kwa jambo jingine: ndiye afisa aliyemuua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, Oktoba 1905, katika mkutano uliotarajiwa kuwa wa maelewano. Huyohuyo alikuwa mkusanyaji mashuhuri wa ndege. Mwaka 1954 mkusanyo wake wa ngozi za ndege waliokaushwa, zipatazo 20,000, ulikwenda kwenye makumbusho ya historia asilia ya Uingereza. Kwa miongo mingi vitabu vya ndege vilitegemea lebo zake.

Mwaka 1993 Alan Knox alichapisha uchunguzi wa baadhi ya ngozi hizo, za ndege wadogo wala mbegu wa Ulaya, akaonyesha kwamba nyingine zilikuwa za wakusanyaji wengine: zimechukuliwa makumbusho, zimefungwa lebo mpya, zimerudi na jina la Meinertzhagen. Baada yake Pamela Rasmussen na wenzake walizifuatilia kwa upana zaidi, na ikadhihirika kwamba hazikuwa ngozi chache zilizochanganyika kwa bahati mbaya. Ilikuwa tabia ya mtu, miaka nenda miaka rudi.

Nani humu amewahi kushika ngozi ya makumbusho? Mwalimu wa Katana, kama upo, tueleze ngozi inavyotengenezwa, maana siri yote iko hapo.

—

Mwalimu_Katana:

Nipo, mwanangu. Nimezishika, na niliwafundisha vijana kuzitengeneza.

Unapasua tumbo, mpasuo mfupi. Unatoa mwili mzima kupitia hapo, unabaki na ngozi yenye manyoya, fuvu, mifupa ya mabawa na ya miguu. Unapaka dawa ya kuzuia wadudu. Ndani unaweka kijiti kama uti wa mgongo na kukizungushia pamba, macho nayo unayaziba kwa pamba. Halafu unashona, unalaza ndege chali, unafunga miguu kwa uzi, na kwenye uzi huo unaning'iniza lebo: mahali, tarehe, mwinuko, dume au jike, na rangi ya macho, kwa sababu macho hayabaki.

Sasa sikilizeni. Kila fundi ana mkono wake. Mmoja anapasua kati, mwingine pembeni chini ya bawa. Mmoja anajaza pamba kwa kukaza, mwingine anailegeza. Huyu anavunja mfupa wa bawa, yule anauacha. Nilikuwa nikiingia chumba cha mazoezi, naangalia mezani bila kusoma lebo, na najua huyu ni wa fulani, huyu ni wa fulani. Lebo unaweza kuibadilisha kwa dakika moja. Mshono hauwezi.

—

MwanaKadutu:

Asante sana Mwalimu. Hicho ndicho kilichomkamata Meinertzhagen baada ya kufa kwake.

Kuna bundi mdogo wa India, Athene blewitti. Alielezwa kisayansi mwaka 1873, na katika makumbusho yote duniani walijulikana saba tu. Wote walikusanywa karne ya kumi na tisa, wa mwisho 1884, isipokuwa mmoja: wa Meinertzhagen, ambaye kwa lebo yake alimpata Mandvi, jimbo la Gujarat, mwaka 1914. Rasmussen na Nigel Collar walimchunguza ndege huyo. Walimpiga eksirei, wakaangalia ujazaji wake na mishono ya zamani iliyofichwa chini ya mipya, na nyuzi za ndani zikapimwa katika maabara ya FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Mkono uliojitokeza ulikuwa wa James Davidson, mkusanyaji aliyefanya kazi Khandesh, hukohuko India, miaka ya 1880. Bundi wa 1914 alikuwa bundi wa Davidson, ameibwa, amefumuliwa, amejazwa upya na kupewa mahali na mwaka wa uongo. Matokeo yalichapishwa 1999.

Mimi jambo hili linaniuma kwa sababu moja. Watu walimtafuta bundi huyu kwa miaka mingi wakifuata ile kumbukumbu ya 1914, kwa kuwa ndiyo ilikuwa ya karibuni kuliko zote. Walipekua mahali ambapo hakuna uhakika kwamba aliwahi kuishi. Novemba 1997 Rasmussen, Ben King na David Abbott waliiweka kando lebo ya Mandvi na kufuata zile za kweli. Wakamkuta karibu na Shahada, Maharashtra, miaka 113 tangu kumbukumbu ya mwisho ya kuaminika. Alikuwa hai wakati wote huo, na misitu yake ikikatwa, huku wanaotaka kumlinda wameelekezwa kwingine na mtu aliyetaka sifa. Tusiseme udanganyifu wa namna hii haumdhuru mtu wala ndege.

—

Mkazi_Panzi:

Samahani, mimi sina ugomvi na mtu. Lakini mji wetu unapitia haya tunayoyapitia, watu wamekimbia makwao, nyinyi mnajadili mishono ya bundi wa India. Inatusaidia nini?

—

MwanaKadutu:

Ndugu, swali lako nalichukua kwa heshima, na jibu langu liko hapa kwetu, halihusu India.

Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006. Ukisoma hoja zilizotumika kuonyesha umuhimu wa msitu ule, ndege wamo: spishi ambazo nyumbani kwao ni milima hii ya ukingo wa Bonde la Ufa. Mipaka ya hifadhi inagusa mashamba ya watu, malisho, machimbo na makaburi ya wazee. Wabembe, Warega, Wanyindu, Wafuliru na wengine wana madai yao, na madai hayo yana haki ya kusikilizwa. Kumbukumbu ya uongo ya ndege inaweza kumnyima mtu shamba mahali ambapo hapakuwa na cha kulinda. Na kumbukumbu ya kweli ikiitwa uongo, msitu unaachiwa wenye mashine za dhahabu. Kikaratasi kile kinachoning'inia mguuni kwa ndege kina uzito kwenye maisha ya watu wa Mwenga na Fizi. Ndiyo maana nataka kiwe kweli.

—

DadaIbanda:

Nakuunga mkono, na niongeze jambo ambalo hatupendi kulisema. Nimewahi kuongoza wageni. Mgeni anakuja na orodha, amelipa pesa nyingi, siku zake zinakwisha. Anakuonyesha picha kwenye simu: "Mmemwona huyu hapa?" Kijana wa kijiji anajua kwamba akisema ndiyo kuna kesho, akisema hapana safari imekwisha. Anasema ndiyo. Mgeni anaandika. Mwaka unaofuata mwingine anakuja amesoma alichoandika yule wa kwanza. Hakuna aliyekaa chini akapanga uongo, lakini uongo umeshazaliwa.

—

MwanaKadutu:

Dada, umesema kweli tupu. Na ona kwamba ni biashara ileile ya Bristow: kinacholipiwa ni jina la mahali. Tofauti ni kwamba huyu kijana anatafuta chakula cha jioni, na anayemsukuma ni swali lenyewe lilivyoulizwa. Ukimwonyesha mtu picha moja na kusubiri jibu, umeshamwambia unataka nini. Muulize: ni ndege gani wa usiku mnaowajua hapa? Wanalala wapi, wanalia vipi, mara ya mwisho uliwaona wapi? Hapo anakupa elimu yake, na elimu hiyo ni kubwa.

Tena naomba tutenganishe kitu kimoja. Lebo yenye kosa na lebo ya kughushi ni vitu viwili. Mwaka 1913 James Chapin, Mmarekani, alikuwa Ituri, akaona unyoya kwenye kofia ya mwenyeji ambao hakuweza kuulinganisha na ndege yeyote anayemjua. Akautunza. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliojazwa, wameandikwa kuwa ni tausi wa kawaida, wachanga, walioletwa Kongo kutoka nje. Unyoya wake ukalingana nao. Ndivyo tausi wa Kongo, Afropavo congensis, alivyopata jina lake la kisayansi, ilhali watu wa Ituri walikuwa wakivaa manyoya yake siku zote. Lebo za Tervuren zilikuwa za makosa. Aliyeziandika hakutaka kumdanganya mtu, alikosa tu mtu wa kumsahihisha.

Sasa twende Malenge.

Ndege wetu ni jike, alikusanywa Agosti 1955 kwa ajili ya Alexandre Prigogine, mkemia aliyefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Kamituga na aliyeijua Itombwe kuliko mgeni yeyote wa wakati wake. Alipelekwa Tervuren akawekwa kwenye droo pamoja na wengine. Mwaka 1990 Michel Louette alitambua kwamba hafanani na spishi yoyote inayojulikana, akamwelezea na kumpa jina la Prigogine.

Mpimeni kwa vipimo vya wale wawili. Bristow aliuza, hapa hakuna aliyeuza. Meinertzhagen alitaka jina lake liwe mbele. Prigogine alikuwa naye mkononi na hakudai kwamba amepata spishi mpya, ndege akakaa droo miaka 35. Mtu anayeghushi ndege ili apate sifa hamsahau kwenye droo. Halafu Hastings ilinaswa kwa sababu wingi wake haukulingana na majirani. Itombwe inalingana na majirani wake kabisa: milima yote hii, kuanzia Kahuzi hadi Kabobo, ina ndege wasiopatikana kwingine.

Na Itombwe imeshawahi kujibu shaka ya namna hii yenyewe. Mwaka 1951 Prigogine alipata bundi mmoja kutoka Muusi, mita 2,430 juu ya usawa wa bahari. Henri Schouteden akamwelezea 1952: Phodilus prigoginei. Ndege mmoja, basi. Kwa zaidi ya miaka 40 ungeweza kusema juu yake maneno yaleyale yanayosemwa leo juu ya wa Malenge. Mei 1996 timu ya watafiti, Wakongo wakiwemo, ilimnasa wa pili kwenye wavu, akiwa hai, kusini-mashariki mwa msitu huohuo. Akapigwa picha akaachiliwa. Na mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, safari ya watafiti wa Marekani pamoja na wa Lwiro, kituo chetu cha utafiti hapa Kivu Kusini, ilimpiga picha kwa mara ya kwanza Prionops alberti, yule mweusi mwenye shungi la manjano, ambaye alikuwa amehesabiwa miongoni mwa ndege waliopotea. Wote hao walikuwa kwenye lebo za zamani. Lebo zilisema kweli.

—

Nyawera_1:

Mimi ndiye niliyeandika kwamba ni uongo. Nimesoma yote. Hoja ya droo ina nguvu, nakubali. Lakini je, kama si uongo wa mtu bali ni ndege wa spishi inayojulikana aliyekuwa na rangi ya ajabu tu? Jike mmoja, Mwalimu, anatosha kuwa spishi?

—

Mwalimu_Katana:

Hilo ni swali la haki, tena ni bora kuliko la kwanza. Na linajibika kwa sababu ngozi ipo. Siku hizi wanakata kipande kidogo cha ngozi chini ya kidole cha mguu, hata cha ndege wa miaka mia, na kupima vinasaba. Ngozi ikiwepo, kila kizazi kinaweza kuuliza upya kwa chombo kipya. Davidson hakujua eksirei ya ndege ni nini, lakini kwa vile kazi ya mkono wake ilitunzwa, ilimtetea zaidi ya miaka mia moja baadaye. Kinachonisikitisha mimi ni kwamba ngozi ya Malenge iko Ubelgiji, na kijana wa Kamituga anayetaka kuuliza swali lako lazima aombe viza.

—

MwanaKadutu:

Mwalimu, hapo umegusa donda. Mkusanyo wa Lwiro upo, umevumilia mengi, na watu wanaoutunza wanastahili kuungwa mkono kuliko wanavyoungwa sasa. Ndugu wa Nyawera, asante kwa kurudi kwenye uzi.

—

Mwenga_Juu:

Wakubwa, mimi niko upande wa Mwenga. Nina simu ya kawaida yenye kamera na kinasa sauti. Usiku, mvua ikikatika, kuna ndege analia karibu na barabara ya zamani ya machimbo, na mchana nimewahi kukuta mmoja amelala chini kwenye majani makavu, nikakaribia kumkanyaga. Sijui ni yupi. Nikitaka kuandika kitu ambacho mtu kama Rasmussen hatakuja kukifuta, nifanyeje?

—

MwanaKadutu:

Ndugu, uko kwenye nafasi ambayo sisi wa mjini hatuna. Anza na sauti. Washa kinasa kabla hajaanza kulia, useme kwa mdomo wako tarehe, saa, jina la kijiji na mto ulio karibu, kisha nyamaza na uache kirekodi bila kukatakata. Sauti ya ndege wa Malenge bado haijaunganishwa kwa uhakika na ndege aliyeonekana kwa macho, kwa hiyo rekodi yako ina thamani hata kama atakuwa ni spishi ya kawaida; utakuwa umetuonyesha nani analia pale.

Ukimkuta amelala mchana, piga picha kutoka mbali kwanza, iingie barabara na miti, ili mahali patambulike. Ndipo usogee. Akiruka, jaribu kupata bawa na mkia vimefunguka, maana madoa ya hapo ndiyo hutenganisha spishi. Kama kuna mwenzako, naye aandike alichoona kabla hamjaongea. Usimwonyeshe picha ya kitabu.

Faili la asili usilifute na usilipitishe WhatsApp peke yake, kwa sababu picha inabanwa na taarifa za saa na mahali hupotea. Weka nakala kwenye kadi ya kumbukumbu, nyingine umpe mtu wa Lwiro. Na ukiandika, andika jina lako kamili na la mwenzako. Wale waliowashika ndege wa Itombwe kwa mikono yao zamani hawakuandikwa kwenye lebo, na leo hatuna wa kumuuliza.

Usimuue. Kama huna uhakika ni yupi, andika "sina uhakika" na ueleze ulichokiona: ukubwa, rangi, alipokuwa amelala, alivyoruka. Hiyo nitaipokea kwa mikono miwili kuliko jina kubwa lisilo na ushahidi.

Hiyo barabara ya machimbo inapita mwinuko wa mita ngapi?

—

Mwenga_Juu:

Simu inasema 1,340. Nitakwenda mvua ya kesho ikikatika, na mdogo wangu atakuwa na daftari lake mwenyewe.